Précieuse Alienda Kutafuta Chumvi

Katoni ilinuka chumvi. Nataka mujue ile mbele ya kintu ingine yote, juu kama siku ile ningesikiliza pua yangu, leo singekuwa nafagia mulango namna ninaifagia.

Bwana yangu Rodrigue aliiweka juu ya meza. Katoni nyeupe, bila jina, bila hata lettre moja, paka picha moja tu ya mutoto muzungu anacheka na kintu nyeusi imefunika macho. Ilikuwa mwezi wa kumi, ile joto yetu ya Lubumbashi mbele ya mvula, mabati inalialia juu ya kichwa, na bintu yote ya plastiki mu nyumba ilikuwa inanuka plastiki. Ile haikunuka plastiki. Ilinuka chumvi yenye kuloba maji, sawa mufuko wenye bantu balisahau chini, mu kona, miaka mingi.

"Ni nini hii?" nilimuuliza.

"Kaske ya jeux. Unaivaa hivi ku macho, unaingia mu jeu yenyewe. Réalité virtuelle. Nzanzu alipokea kumi na mbili."

"Unaingia? Na kutoka, unatokea wapi?"

Alicheka. "Pale uliingilia, bibi yangu."

Rodrigue iko na salle de jeux hapa Naviundu, nyumba moja ndogo yenye ekrani mbili na viti ya plastiki, batoto banakuya pale kisha masomo kupiga football ya ku ekrani na kutukanana. Nzanzu ni muchuuzi mukubwa, muntu wa Butembo, anauzisha kwa jumla bintu yote inashuka mu camion: sabuni, viatu, radio. Ni yeye alimupa Rodrigue ile kaske ajaribu juma moja. Ile asubui tulikutana naye ku depot yake, mbele hata sijaona katoni, akanishika mukono na mikono yake mbili.

"Mama Mapasa, chukueni tu. Watoto watafurahi mpaka wasahau kula."

Alisema vile. Mpaka wasahau kula.

Miye sikuipenda na nilisema. Haina jina, haina karatasi, haina hata mahali inaonyesha balitengenezea wapi. Na mbele kuko macho ine, ndogo-ndogo, nyeusi, hata ukiiweka chini inakuangalia. "Télé, shiye njo tunaiangalia," nilimuambia Rodrigue. "Hii njo inatuangalia."

"Weye ulisoma paka humanités, sekondari nzima, na unasema sawa bantu banaogopa photo."

"Nilisoma, njo maana nauliza. Kintu bila jina, ikifanya mubaya, utaita nani?"

Mutoto wetu Abigaëlle alikuwa alisha kuivaa.

Sasa ni lazima niseme sisi ni nani, sinon hamutaelewa.

Jina yangu ni Benita, lakini hakuna muntu ananiitaka vile. Ku soko, ku kanisa, ku avenue yote, miye ni Mama Mapasa, juu nilizaa mapasa, batoto babili banamuke. Abigaëlle alitoka wa kwanza, Précieuse kisha. Abi alikuwa wa mukono ya kuume, Précieuse wa mukono ya kushoto, na wakati ya kula bilikuwa paka kugongana viwiko na kulia. Walikuwa na miaka ine wakati rougeole, surua, iliingia mu quartier. Siku tatu. Abi alipona.

Munaona, hata hapa kalamu yangu inazunguka neno. Juu neno ile balinikataza. Mama-mukwe wangu, Mama Agnès, bazazi bake ni bantu ba Mitwaba, baba yake alitumika ku reli, yeye njo anachunga mambo ya mapasa mu familia. Siku ile alinishika mabega, alinitikisa, akanisemesha na sauti ya chini sana: "Pasa hakufaka. Unasikia? Pasa anaenda kutafuta chumvi. Usilie. Ukilia, ule mwingine atasikia njia, atamufuata."

Basi sikulia. Tuliimba zile nyimbo ya mapasa, zile zenye matusi, bantu banacheka, tulipiga makofi paka ku kaburi, na miye nilicheza, nawaambia, nilicheza juu ya udongo ya mutoto wangu na uso kavu, kitenge mupya kiunoni, na kila muntu alisema ule mama iko na nguvu. Kisha tulirudia nyumbani na Abi akauliza:

"Précieuse iko wapi?"

"Alienda kutafuta chumvi."

"Atarudia lini?"

"Ikienea, ikifika ya kula shiye wote."

Miaka mbili tulisema vile. Abi alikuwa anasimama mu mulango, anaangalia barabara. Nilifikiri namulinda.

Siku za kwanza kaske ilikuwa paka muchezo. Rodrigue alimufundisha Abi kuchora na kidole mustari wa buluu chini, kumuzunguka, ni mupaka, asipite pale asigonge meza. Ndani kulikuwa jeux tatu: mipira, samaki, na nyumba moja yenye vyumba. Mwanamuke mumoja anasema mu kaske na Kifaransa ya mapua, hata miye nilikuwa namusikia ku mbabula kwenye napika: *Joueur un, bienvenue,* muchezaji wa kwanza, karibu. Abi anacheka, anarusha mikono. Nilianza kujiambia, Benita, kichwa yako iko ngumu bure.

Siku ya tatu, ule mwanamuke alisema: *Joueur deux est connecté.* Muchezaji wa pili ameingia.

Niliacha mwiko. Abi alikuwa peke yake juu ya mukeka. Nilimuona anasogea, polepole, kidogo ku kuume, sawa vile unasogea ku benchi ya kanisa muntu mwingine aikale.

"Abi, unafanya nini?"

"Ninamupa nafasi."

Mangaribi nilimuambia Rodrigue. "Ni bug," alisema. "Bintu ya bei chini iko vile, inahesabu mubaya."

"Inahesabu batoto?"

"Benita, tafazali."

Kisha courant ilikatika mu quartier siku ine nzima. Salle ya Rodrigue ilifungwa, simu zetu zilizima, tulikuwa tunaenda kuzichajisha mbali. Kaske ilikuwa inawaka. Kila muchana, kisha kula, ile mwangaza ya buluu chini ya pua ya mutoto wangu. Niliuliza bwana yangu: "Batterie gani ile, siku ine?" Aliiangalia, aliigeuza, hakucheka tena.

Na harufu ilikuwa inaongezeka. Iliingia mu mashuka, mu nywele, mu maji ya kunywa. Abi aliacha kula. Nilimupikia bukari, ile ugali yetu, na sombe, alisukuma sahani, alisema alishiba. Pembeni ya midomo yake kulikuwa kintu nyeupe imekauka, nilifikiri ni mate ya usingizi, nilipangusa na kidole na sijui nini ilinituma, nilitia kidole ku ulimi. Chumvi.

"Abi, unakula nini mule ndani?"

"Hakuna. Ninamusaidia kuonja kama iko muzuri."

"Unamusaidia nani?"

Aliniangalia sawa unaangalia muntu mujinga. "Mama. Weye njo ulimutuma."

Kesho yake nilichukua kaske, niliifungia mu valise, mukanda na kufuli. Nilijiambia, Abi akilala kisha saa ya bukari, nitaenda kuitupa mu choo, Rodrigue atakasirika, akasirike. Abi alilala. Jua ilikuwa inawaka sana, kuku chini ya meza vinywa wazi, jirani anatwanga, anatwanga. Nilifungua valise. Na kutoka chini ya nguo, kabla sijaigusa, ule mwanamuke alisema, taratibu: *Joueur deux attend,* wa pili anangoja.

Nilipaswa kuitupa. Nawaapia kwamba mikono yangu ilikuwa inaenda kuitupa.

Niliivaa, na mule ndani hakukuwa mipira wala samaki, kulikuwa nyumba yangu, meza yangu na kile kitambaa chenye niliunguza na pasi, viti yetu, kalenda ya kanisa, hata kuku, na mulango ulikuwa wazi na barabara nyeupe mbele yake, na nilisikia miguu midogo inakuya kutoka mbali, inaburuta, inasimama, inaburuta tena, harufu ile inanijaa paka ku macho, na nilitaka kuvua, kutosha ile kintu na mikono yangu haikusikia, na miguu ilifika mu mulango na ilikuwa yeye, na robe ya kijani yenye nilimuzika nayo, na kifungo ya kahawia ku shingo, kifungo moja haifanane na zingine, yenye nilishona miye mwenyewe ile asubui ya kumuvalisha juu ile yake ya zamani ilipotea, na hakuna muntu mu dunia yote anajua ile kifungo, hakuna, hata Rodrigue, na vumbi ku miguu yake paka ku magoti, na beseni ya chumvi juu ya kichwa bila nkata ya nguo chini yake, anaishika na mukono ya kushoto.

Hakukomaa. Alikuwa paka wa miaka ine.

"Mama," alisema, "hii inaenea?"

Sasa sikieni kosa yangu. Najua kulia, najua kuomba, nilifundishwa katekisimu, ningeweza kusema Jina la Baba. Lakini niliwaza hivi: nikisema inaenea, kazi imeisha, ataingia, na sijui ni nani ataingia. Na nikisema toka, ataenda, na sitamuona tena. Niliona midomo yake imepasuka. Niliona amechoka. Na nilisema:

"Bado, mama. Lete ingine."

Juu kama bado, kesho atarudia kunionyesha.

Aliinamisha kichwa kidogo, sawa mutoto anayesikia, aligeuka, alirudia mu ile barabara.

Rodrigue njo alinitosha kaske. Niliona jua imeshuka. Nilifikiri ni dakika kumi, Abi alikuwa pembeni anavuta kitenge yangu na kulia, alisema ananiita tangu muchana.

"Uliona nini?" Rodrigue aliuliza.

"Samaki," nilimujibu.

Siku iliyofuata nilingoja bwana yangu atoke, Abi alale, na niliivaa. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Kila siku: mama, hii inaenea? Bado. Mara ine nilimurudisha mu njia mutoto wangu, na kila siku beseni ilikuwa kubwa zaidi na shingo yake inaingia zaidi mu mabega, na miye nilikuwa naangalia tu, naangalia masikio yake, namna ana ile alama ku ndewe ya sikio, naangalia sawa muntu anakunywa. Jikoni makala ilikuwa inazima. Abi alikuwa anakonda pembeni yangu na sikumuona. Miye mwenye nilishutuka wakati Nzanzu alisema watoto watasahau kula.

Siku ya tano hakuuliza kama inaenea.

"Mama, beseni inanishinda," alisema. "Abi anisaidie kubeba."

Na nyuma yake, mu ile barabara nyeupe, kulikuwa tayari mikono mingine midogo inashika upande ule wa beseni.

Nilijing'oa ile kintu ku uso, ngozi ilitoka nayo. Abi alikuwa amelala juu ya mukeka, macho wazi, midomo nyeupe, na mukono wake mumoja juu ya kichwa, umekaza, haushuki. Nilivuta ule mukono na nguvu yangu yote. Haukushuka.

Infirmier wa avenue alikuya, alipima, alikunja uso. "Huyu mutoto alikunywa maji ya chumvi? Damu iko chumvi tupu." Alitundika serum, na nilikumbuka serum yenyewe ni maji na chumvi, na nilianza kucheka, na infirmier aliniangalia mubaya. Abi hakuamuka.

Rodrigue alikuwa alisha kukimbia na kaske ku depot. Alirudia na Nzanzu mwenyewe mu camionnette, tournevis mukononi, jasho mu shingo. Nzanzu alipiga magoti pale chini akafungua kaske, vis moja moja, anasema, "Usiogope, Mama Mapasa, ni machine tu, machine inazimikaka." Kifuniko kilitoka.

Ndani hakukuwa kitu. Hakuna batterie, hakuna kioo, hakuna nyuzi. Paka plastiki, na chumvi imejaa pembeni, imekuwa ngumu.

Nzanzu alisogea nyuma na magoti yake paka ku ukuta.

"Hii ni ya kuonyesha," alisema polepole. "Ya kuweka mu vitrine. Haina kitu ndani, hawatiake kitu. Nilikosea katoni. Ile yenu ya kweli iko ku depot, tangu ile siku, hata haijafunguliwa."

"Inasema," Rodrigue alisema. "Inawaka. Niliisikia."

"Ndugu yangu, inasemea wapi?"

Nzanzu alipiga alama ya musalaba, yeye ambaye si Mukatolika, kisha alisema maneno yenye nitamushukuru paka mwisho: "Nani mwenye kujua mambo ya kwenu? Nipe jina, nitaenda kumuchukua na gari."

Njo vile Mama Agnès alifika, na kitenge chake ya kanisa na rozari. Alinusa mulangoni. Alisimama pale pale.

"Nani ametoka Mitwaba?" aliuliza. "Hii ni harufu ya chumvi ya kwetu."

Nilimuambia yote. Rodrigue alikuwa anasikia zile 'bado' zangu ine kwa mara ya kwanza, na hakunipiga, alienda kushika miguu ya Abi tu. Mama Agnès alikaa chini, chini kabisa, miguu imenyooka mbele sawa mu kilio.

"Ulimujibu bado."

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara ine."

"Mara tano," alisema. "Ya kwanza ni miye." Alizungusha rozari mu vidole, hakuomba. "Ile neno tunaisemaka juu ya batoto bazima, basiogope. Sikuwaza hata siku moja kama na ule mwingine anasikia. Mutoto wa miaka ine. Unamuambia alienda kutafuta chumvi, basi anaenda kutafuta."

"Mama, ni yeye? Ao ni jini?"

"Sijui. Jini inaweza kuvaa mutoto sawa vile weye ulivaa ile kintu."

"Lakini kifungo. Ile kifungo niliishona miye peke yangu."

"Jini inaona vifungo. Sikia. Kama ni jini, neno ya kweli itaifukuza. Kama ni mutoto, neno ya kweli itamupumuzisha. Neno iko moja. Umuambie alikufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mu kinywa chake kama Précieuse alikufa. Niliona na yeye aliishangaa.

"Na Abi?" nilimunong'onia. "Mama, ulisema nikiisema, nikilia, Abi atafuata. Ulinishika mabega ukasema vile."

"Nilisema, juu baliniambia vile." Aliangalia mukono ya Abi juu ya kichwa. "Anafuata tayari, mwana wangu. Sijui tena. Weye njo ulimuzaa Précieuse, weye njo ulimutuma ya mwisho. Miye nikimuita hatasikia."

Alifunga Abi ku mugongo wangu na bitenge mbili, mutoto wa miaka sita, miguu inanining'inia paka ku magoti, na mafundo alikaza paka nikakosa pumzi. "Akivutwa, avutwe na weye," alisema. Kisha aliweka ile plastiki tupu machoni kwangu.

Iliwaka.

*Joueur un,* ule mwanamuke alisema, na hakumaliza.

Walikuwa mulangoni. Beseni ilikuwa kubwa sawa ile ya kuogesha bantu bakubwa, chumvi imepanda juu sawa mulima, na Précieuse alikuwa chini yake, shingo imeinama kabisa, naona paka kidevu na ile kifungo. Upande ule mwingine, mikono ya Abi.

"Mama, hii inaenea?"

"Weka chini, Précieuse."

"Ulisema bado."

"Nilikudanganya. Ilienea zamani. Nilitaka tu kukuona."

Hakuweka. Mutoto wangu hakuwekaka kintu chini paka aelezwe juu ya nini, alizaliwa vile. Nilisikia mugongoni Abi anakuwa baridi, baridi inashuka mu uti wangu, na Mama Agnès mbali sana anasema sema, sema, na kinywa changu kilikuwa kimejaa, miaka mbili ilikuwa imejaa.

"Précieuse. Mwana wangu. Ulikufa."

Beseni ilitikisika kidogo.

"Miye?"

"Weye."

"Tangu lini?"

"Tangu rougeole. Asubui, kabla kengele ya kanisa. Nilikuwa nakushika mukono huu, ya kushoto."

Aliwaza. Niliona anawaza, na ile namna yake ya kuingiza mudomo ndani. Kisha aliniuliza, na haikuwa na hasira, ilikuwa paka swali ya mutoto:

"Juu ya nini hamukuniambia?"

Nimetafuta jibu tangu ile siku. Nimelitafuta ku kanisa, nimelitafuta ku vitabu.

"Nilikuwa natembea, mama," alisema. "Nilikuwa nauliza bantu njia."

"Nisamehe."

"Na Abi alikufa?"

"Hapana. Abi iko muzima."

"Basi asibebe."

Na mukono wake ya kushoto alitosha vidole ya Abi ku beseni, kimoja, kimoja, vile walikuwa wanafanya wakati ya kugombania kijiko. Alishusha beseni pale mulangoni. Niliisikia kugusa chini, uzito ile yote, na ekrani yenye haikuwako ikazima.

Nililia. Sitaeleza ile kilio. Bantu balitoka mu parcelles zote, bakakimbia kwetu, bakauliza, nani alikufa, nani alikufa? Na Mama Agnès alibajibu na sauti yake kubwa, wazi, mu barabara: "Précieuse! Précieuse alikufa!" Hakuna aliyesema ni zamani. Balileta viti. Baliwasha mbabula inje. Mwanamuke mwenye anatwanga aliacha kutwanga, alikuya kukaa chini pembeni yangu, akalia na miye. Na katikati ya ile yote nilisikia mugongo wangu unaloba, moto, inashuka ku kiuno, ku miguu: Abi alikojoa. Bazazi, hamujui furaha kama hamujafurahia mukojo.

"Mama," alisema mu sikio yangu, "nina kiu."

Rodrigue alichoma ile plastiki nyuma ya choo. Nzanzu aliapa atarudisha zile zingine. Sijui kama alirudisha. Kuna siku napita ku avenue na naona mutoto amesimama mu mulango wa kwao, kintu nyeusi machoni, anacheka na mukono unatafuta hewani, na naingia kwa mama yake bila kuitwa, namuambia, nusa katoni, dada, tafazali, unuse tu. Banasema Mama Mapasa kichwa ilishaharibika. Hapana, sasa hawasemi tena Mama Mapasa. Banasema Mama Abi.

Abi nilimuambia, siku ile ile. Alilia juma moja, alikula, alipona.

Mama Agnès aliniagiza: kila asubui nifagie mulango, chumvi yenye nitaikuta pale nitupe mu mutoni Naviundu, isibakie hata punje. Siku nitakuta mulango safi, nijue mutoto alifika, ao jini ilichoka, moja ya zile mbili. Na kila asubui fagio inalia *kwaru, kwaru* pale chini, na nainama, naonja na kidole.

Kila juma Mama Agnès ananiuliza. "Mulango iko safi?"

"Karibu, mama."

Juu nafagia, nafagia muzuri, lakini pale ku kona, nyuma ya mulango, kuna kidogo naacha. Ya kuenea kidole kimoja. Na kesho yake ile kidogo inajaa tena mulango muzima.

Jana nilimukuta Abi amesimama pale, anaangalia barabara. Mukono wake ulikuwa juu ya kichwa. Mukono ya kushoto.

"Abi, unabeba nini?"

"Hakuna kitu, mama. Najaribu tu."

Najua chenye napaswa kufanya. Ni kona moja, ni fagio moja, hata mutoto anaweza. Leo asubui niliamuka wa kwanza, niliinama pale na fagio mukononi, niliiangalia ile chumvi kidogo, nyeupe, na nikasikia kinywa changu mwenyewe kinasema:

"Bado."